Kuku wa Mtinko Walivyotupandisha Ukurasa wa Kwanza

Niliondoka asubuhi bila kujua naenda wapi. Kwangu hilo si jambo geni. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimeamka mara nyingi mahali pamoja nikalala pengine. Nimepakia vitunguu kwenye malori, nimechota chumvi ziwani, nimekaa Itigi nikiuza chai kwa abiria wa treni kwa sababu tu nilitaka kujua injini ya treni inageuzwaje. Lakini asubuhi ile sikuondoka kwa udadisi. Niliondoka kwa sababu sikutaka kumtazama dada usoni.

Dada ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi Singida mjini, akafungua ofisi ya kutengeneza tovuti kwenye fremu ya baba yake mdogo, nyuma ya stendi ya zamani. Ofisi yenyewe ilikuwa meza moja, kompyuta mbili, feni na mimi. Yeye alitengeneza, mimi nilipiga picha na kuandika maneno ya kwenye kurasa, maana aligundua kwamba naandika kama mtu anavyoongea. Wateja pia nilitafuta mimi, kwa miguu. Tovuti zake zilikuwa nzuri, sisemi hivyo kwa undugu. Ila hakuna aliyetuona. Ukiandika kwenye simu kwamba unatafuta mtu wa kutengeneza tovuti Singida, walikuja wa Dar, wa Arusha, hata mmoja wa Nairobi. Sisi hatukuwepo ukurasa wa kwanza, wala wa pili, na zaidi ya hapo nani anaendelea kushuka?

Jioni iliyotangulia baba mdogo alikuwa amekuja akasimama katikati ya chumba, akiangalia dari na kona kama mtu anayepima.

"Binti yangu," alisema, "hiki chumba ni kizuri sana kwa alizeti."

"Baba mdogo, tunafanya kazi humu."

"Kazi naiona. Mtu simuoni." Akanielekezea kidevu. "Wote wanaoingia hapa amewaburuta huyu, kama mbuzi wa mnadani. Duka ni lile ambalo mtu analitafuta mwenyewe. Sasa sikiliza. Mwaka huu nalima alizeti nyingi. Siku ya kuvuna, kama hajaingia mlangoni hapa mgeni, asiye ndugu yetu, asiyeburutwa na huyu, aliyewatafuta mwenyewe kwa hayo mambo yenu ya mtandao, magunia yanaingia. Akiingia hata mmoja, chumba ni chako. Sitakuuliza tena."

Dada alijibu sawa, kwa sauti ndogo. Nilijua maana yake. Magunia yakiingia yeye anarudi Dar, kwenye kampuni ambayo ilikuwa bado inampigia simu arudi. Kule alikuwa akichora vitufe vya tovuti ambazo wenyewe hakuwahi kuwaona hata kwa sura. Huku alikuwa na mlango wake. Aliupaka rangi ya bluu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo asubuhi nikachukua begi na chaja, nikatoka. Lori la kwanza lililosimama lilikuwa linakwenda Mtinko, siku yao ya mnada. Nikapanda.

Mtinko niliingia kwenye mgahawa wa mabati nikaagiza chai. Mama mwenye mgahawa alikuwa amebeba chapati kwenye mkono mmoja na simu kwenye mwingine, ameishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo.

"Habari za asubuhi," aliiambia simu. Akangoja kuitikiwa. "Naomba fundi wa mashine ya kukamua alizeti. Niko huku Mtinko."

Nilidhani amempigia mtu. Kisha nikaona skrini, na orodha ya majibu ikishuka.

"Mama, kumbe unaongea na simu yenyewe?"

"Ndiyo. Nikisema inatafuta. Miwani yangu mbovu."

"Na unaisalimia?"

Akanitazama vizuri. "Wewe kwenu, ukimwendea mtu na shida, unaanza na shida?"

Nikamwamkia. Akanipa simu nimsomee. Wa kwanza alikuwa na picha safi za mashine mpya, anwani Dar es Salaam. Mama akasonya. Wa pili naye wa Dar. Akasonya tena. Wa tatu alikuwa na picha moja, imepigwa gizani, lakini chini yake pameandikwa Singida mjini.

"Mpigie huyo."

"Mama, mbona umewaruka wale wenye picha nzuri?"

"Nitakula picha? Mashine ikifa tena nimfuate Dar? Huyu wa Singida akinizingua, najua kwao."

Najua kwao. Nilishika kikombe cha chai nisinywe. Nikafungua tovuti yetu wenyewe, nikashuka mpaka chini kabisa. Palikuwa pameandikwa kile nilichokuwa nimekiona kila siku bila kukitazama: Dar es Salaam, Tanzania. Dada alikuwa ameweka anwani ya shangazi yake wa Sinza. Hata kwenye ramani ya mtandaoni tulikuwa Sinza. Na hakuwa peke yake. Singida mjini saluni ni ya Dar, suti ni za Dar, muuza chipsi wa karibu na ofisi yetu ameandika kwenye kioo "Chipsi za Dar" na viazi anavitoa Mbulu. Sote tulikuwa tumekubaliana, bila kikao, kwamba kitu cha nyumbani hakina heshima mpaka kijifanye kimetoka mbali. Basi mashine inayotafuta ikatuamini. Mtu wa Singida akiuliza, haikutuleta, kwa sababu tulikuwa tumeiambia hatupo. Mtu wa Dar akiuliza, tulikuwa nyuma ya umati.

Nilirudi siku hiyohiyo. Nilimkuta dada amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Nikamweleza yote, kuanzia chapati.

"Unataka tuonekane washamba," alisema.

"Nataka tuonekane."

"Mteja akiona Singida atauliza kwa nini sijaenda Dar kama kweli najua kazi."

"Uliondoka Dar. Mwambie ulikwenda ukarudi. Dada, mtu wa Mtinko hataki fundi wa Dar. Anataka fundi ambaye anajua kwao."

Alisogeza kiti mbele. Kisha akawasha kompyuta. Nilimfahamu, dada akikubali hasemi amekubali, anaanza kazi.

Tulibadilisha karibu kila kitu. Tovuti yetu ilikuwa ya Kiingereza, imejaa maneno ambayo hata mimi niliyeyaandika sikuweza kumweleza mama yangu. Tukayafuta. Mstari wa juu nikaandika: Tunatengeneza tovuti Singida. Ofisi iko nyuma ya stendi ya zamani, mlango wa bluu. Nikaandika ukurasa wa shule, wa mfugaji wa kuku, wa nyumba ya wageni, wa muuza asali, kila mmoja ukianza na swali kama watu wanavyoliuliza. Wenye ramani ya mtandaoni walitaka video ya kuthibitisha kwamba ofisi ipo kweli: barabara, kibao, ufunguo ukifungua mlango. Kibao hatukuwa nacho. Tukachorewa. Nilipokuwa narekodi, baba mdogo akaingia kwenye picha akiwa na jembe begani.

"Mnanipiga picha ya nini?"

"Ya ushahidi, baba mdogo."

"Mimi shahidi? Basi semeni nimesema alizeti inaota vizuri."

Video ilikubaliwa. Tukahama Sinza.

Kisha nikaanza kutembea, na hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonifurahisha kuliko yote. Majibu ya mtandao hayafanani kila mahali. Unachokiona ukiuliza ukiwa mjini si lazima ukione ukiwa kijijini Mungaa. Mtu wa kukaa mahali pamoja angechukia habari hiyo. Mimi niliipenda. Kila nilipofika nilitoa simu, nikauliza, nikahesabu kurasa. Mungaa tovuti yetu ilikawia kufunguka mpaka chai ikapoa. Nikampigia dada.

"Picha zako ni nzito. Huku mtandao unatambaa."

"Nzito kiasi gani?"

"Nimemaliza maandazi mawili, bado naona nusu ya mlango."

Usiku huo alizipunguza zote. Nilipopita tena Mungaa ukurasa ulifunguka kabla sijavuta kiti.

Ila bado tulikuwa chini. Dada alisema tunahitaji maoni ya wateja kwenye ramani, maneno yao wenyewe na nyota zao. Wateja wetu tuliowahi kuwahudumia walikuwa wazee na wafanyabiashara wa vijijini, kwa hiyo kuwaandikia ujumbe haikutosha; nilikwenda. Wa kwanza alikuwa babu mmoja wa Mtinko, mfugaji wa kuku wa kienyeji, ambaye tovuti yake dada aliitengeneza kwa upendo kiasi kwamba kila jogoo ana ukurasa. Nilimuamkia, tukala, nikamwonyesha pa kuandika. Akasema ataandika kwa nafasi, mambo kama hayo hayaandikwi mbiombio.

Siku chache baadaye dada alinyanyua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Babu yako wa kuku ametuua."

Alikuwa ametupa nyota moja. Moja kati ya tano. Na chini yake ameandika:

"Bwana asifiwe, asalaam aleikum, na habari kwa wote mtakaosoma. Sisi huku Mtinko hatujambo. Mvua zinanyesha, kuku wanataga. Nawashukuru vijana wa Singida mjini, nyuma ya stendi ya zamani, walionitengenezea tovuti. Binti ana adabu, anaamkia. Kijana anakula sana. Wasalaam."

"Anakula sana," dada alirudia. "Kwenye ukurasa wetu wa kazi."

"Nyota moja ndiyo mbaya. Kula si kosa."

Nilirudi Mtinko. Babu alinipokea kwa furaha, akauliza kama tumeona alivyotusifu.

"Tumeona, babu. Ila nyota, mbona moja?"

"Namba moja! Darasani anayekuwa wa kwanza si ndiye bora? Ulitaka niwape ya tano, kama mtoto mzembe?"

Nilimweleza taratibu kwamba nyota hazihesabiwi kama nafasi za darasani. Alifikiri sana, akiwatazama ng'ombe wa jirani wakipita.

"Aa. Kumbe ni kama ng'ombe. Wakiwa wengi ndiyo heshima."

"Hasa, babu."

Akarekebisha mwenyewe, nyota tano, na juu ya yale maneno akaongeza: "Mwanzo nilitoa nyota moja nikimaanisha wa kwanza. Nimeelezwa kwamba nyota ni kama ng'ombe. Basi wachukue zote."

Dada alitaka nimwombe babu afute salamu na habari za kuku, abakize kazi tu. Nilimuuliza kama yeye yuko tayari kumwambia mzee afute salamu. Hakuwa tayari. Na salamu ikishatolewa, kuikalia kimya ni matusi. Kwa hiyo dada, msichana aliyekuwa akiogopa kuonekana mshamba, akaandika jibu mbele ya dunia nzima: "Shikamoo babu. Sisi mjini hatujambo. Tunashukuru kwa nyota na tunafurahi kuku wanataga. Kijana anaendelea kula."

Babu akaingia tena akaongeza: "Marahaba mjukuu wangu."

Hapo mambo yakachanganya. Wateja wengine walipoona kuwa pale watu wanasalimiana, nao wakaja kusalimia. Mama wa asali wa Itigi akaandika kuhusu maua ya msitu na jinsi dada alivyomwekea ramani ya kufikia mizinga yake. Kwaya ya Mungaa iliandika kwa niaba ya sauti zote nne. Jirani mmoja wa babu, ambaye hatukuwahi kumfanyia chochote, alitaka naye atupe nyota zake. Dada akakataa, akamwambia kwa heshima asubiri mpaka tumtengenezee kitu. Kila aliyeandika alitaja kwao, na alivyofika kwetu, na tulichomfanyia, kwa sababu huwezi kumshukuru mtu bila kueleza habari yote. Na dada alijibu kila mmoja, shikamoo kwa shikamoo. Maneno ya babu kuhusu ng'ombe yakapigwa picha, yakazunguka kwenye makundi ya simu mkoa mzima. Watu wakaanza kututafuta ili tu wacheke.

Mimi niliendelea kutembea na kuuliza simu yangu. Mtinko, ukurasa wa tatu. Baadaye wa pili. Mungaa, wa pili, tena juu. Mashambani alizeti ilikuwa imesimama na vichwa vyake vya njano, na kila nilipopita niliiangalia kama mtu anavyomwangalia mpinzani anayekimbia pembeni yake. Ilikua haraka sana. Siku moja nikiwa barabarani niliona vichwa vimeanza kuinama, petali zimekauka. Nikasimama palepale, nikatoa simu, nikauliza: Nani anatengeneza tovuti Singida?

Tulikuwa wa kwanza. Mlango wa bluu, picha yake kabisa, juu ya wote. Nikazima simu nikawasha, nikauliza tena kwa maneno mengine. Wa kwanza. Nilipiga kelele mpaka mwendesha baiskeli akashuka kuuliza kama nimeumwa na nyoka.

"Mlango umeonekana!" nilimwambia.

"Mlango gani?"

"Wa bluu!"

Akapanda baiskeli yake akaondoka akigeuka nyuma.

Lakini kuwa wa kwanza kwenye simu hakukuwa sharti la baba mdogo. Sharti lilikuwa mtu. Wengine walipiga, wakauliza, wakasema watakuja. Mlangoni hakuingia mgeni. Alizeti ikakatwa, ikapigwa, na asubuhi moja baba mdogo akafika na mkokoteni. Magunia ya kwanza yakashushwa nje ya ofisi, yakaegemezwa ukutani chini ya kibao. Dada alikuwa ameanza kukunja nyaya. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia moja.

Ndipo mwanamke mmoja mwenye kitenge na mkoba mkubwa akatokea upande wa stendi, simu mkononi, akiangalia simu, akiangalia ukuta, akiangalia simu.

"Hodi. Samahani, ndipo hapa mlango wa bluu?"

"Ndipo," baba mdogo alidakia kabla yetu. "Shida yako nini, mama?"

"Natafuta wanaotengeneza tovuti. Nina nyumba ya wageni."

Baba mdogo aliweka gunia chini. "Nani amekuleta?"

"Simu."

"Huyu kijana umewahi kumuona?"

Mama yule alinitazama. "Sijamuona. Ndiye anayekula sana?"

Dada aliziba mdomo kwa nyaya alizoshika. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa kwenye kazi. "Kwenu wapi?"

"Kilimatinde. Mgogo."

"Mama yako?"

"Wa Kilimatinde pia."

"Bibi yako? Hakuna Mnyaturu mwenzetu hapo katikati? Fikiri vizuri."

"Mzee wangu, nimetafuta tovuti, sijaja kuposa."

Baba mdogo akashusha pumzi. Akamtazama dada muda mrefu, kisha akalipiga gunia kofi kama mtu anayeaga ng'ombe aliyeuzwa. "Hana undugu nasi hata kidogo," alitangaza, kwa sauti ambayo muuza chipsi aliisikia. "Karibu ndani, mama. Ofisi ni ya binti yangu huyu. Haya magunia yanapita tu."

Akayarudisha kwenye mkokoteni mwenyewe, akakataa nimsaidie. Alipomaliza akachungulia mlangoni, jasho likimtoka.

"Nikiuliza hiyo simu alizeti nzuri ya Singida, mimi natokea?"

"Bado, baba mdogo," dada alisema, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwa nimeuona tangu apake mlango rangi.

"Basi niandikeni. Na mnitaje kwetu."

Sijui hasa kilichotupandisha. Dada anasema ni anwani ya kweli, kurasa nyepesi na Kiswahili. Mimi nasema ni kuku. Tunabishana mpaka leo, na ofisi ni ileile.

Wiki hiyo nilitumwa Kilimatinde kupiga picha za nyumba ya wageni. Sikuwahi kufika. Kutoka Manyoni nilipanda bodaboda, tukaacha lami, barabara ikawa nyekundu kisha ikaanza kupanda, na dereva akanionyesha majengo ya zamani ya mawe juu kilimani kabla hatujayafikia. Nyuma yetu nchi ilianguka ghafla kuelekea Bahi, tambarare mpaka macho yanachoka. Nilimwambia asimame. Akasimama, akazima pikipiki, akaningoja bila kuuliza, kama mtu aliyezoea wageni kushangaa hapo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vimepangwa kuzunguka uwanja uliofagiliwa ukaacha mistari ya ufagio. Nilipiga hodi. Yule mama alitoka akifuta mikono.

"Kumbe umepaona!"

"Nimeuliza watu, mama. Kwenye simu hampo."

"Ndiyo maana umekuja. Wengi wanakuja kuona wagonjwa wao hospitalini, giza linaingia wanazunguka hawajui pa kulala, na mimi nina vitanda." Akanipa ufunguo wenye kipande cha mbao. "Chumba cha mwisho. Dirisha linaangalia bonde. Sufuria kubwa nimeshabandika, nilisoma habari zako."

Chumba kilikuwa na kitanda, neti, kiti kimoja. Niliweka begi chini, nikafungua dirisha, nikatoa simu. Nikaiuliza kwanza: pa kulala Kilimatinde. Haikuwa na kitu cha maana. Nikacheka, maana kazi ilikuwa imeanza. Kisha nikauliza lile swali langu la kila mahali, na hata pale juu, mbali na nyumbani, mlango wa bluu ulitokea wa kwanza, na chini yake salamu kutoka Mtinko.

Nje mama aliita kwamba maji ya kuoga yako tayari. Nikaitika, nikavua viatu.